Ukuta wa Foili, Simu Chini ya Mto

Maswali ya wiki hii yanazunguka jambo moja: namna ya kuikinga nyumba na mionzi ya sumakuumeme.

Mnara wa simu umejengwa kama mita 150 kutoka kwetu, na nina mtoto mchanga. Nasikia kuna rangi ya ukutani inayozuia mawimbi. Niinunue? – Mama Mpya

Rangi hiyo ipo, dada, na inafanya kazi, sikufichi. Ina kaboni inayoufanya ukuta upitishe umeme, kwa hiyo mawimbi ya redio hudakwa au hurudishwa yalikotoka. Ni kanuni ya kizimba cha kuzuia umeme alichokijenga mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1836. Tatizo ni dirisha, mlango na dari: usipovikinga navyo, mawimbi yanapita huko. Tena ukuta huo sharti uungwe na waya wa ardhini na fundi umeme anayeijua kazi yake, maana waya uliochubuka ukiugusa, ukuta mzima unaweza kukupiga shoti.

Halafu, ukishamaliza kupaka, utaingia humo na simu yako. Hapo ndipo kinga inapokugeukia. Simu hupandisha nguvu zake kadiri mtandao unavyofifia, kama mtu anayepaza sauti akiona hasikiki. Niliwahi kuifunga yangu kwa foili ya jikoni nikaipigia kwa simu nyingine: kimya. Nikafunua pembe moja, upana wa kidole hivi, ikaita papo hapo. Chumba kilichozibwa nusunusu ndicho hicho: mawimbi ya mnara yamepungua, na simu iliyo mkononi mwako inahangaika zaidi.

Mnara nao hutupa mawimbi yake mbele, karibu usawa, kama tochi, na umbali ukiwa maradufu nguvu hubaki robo. Unapoongea na simu, kichwa chako hupokea zaidi kutoka kwenye hiyo simu kuliko kutoka kwenye mnara ulio mita 150. Fedha ya rangi mnunulie mtoto nguo. Simu isilale kitandani mwake, basi.

Nimebandika foili nyuma ya ruta, sasa intaneti inatambaa. Nimekosea wapi? – Msomaji wa Siku Nyingi

Hujakosea, umefanikiwa! Mawimbi uliyozuia ndiyo hayohayo yanayokuletea intaneti. Ruta ya nyumbani hutoa takriban wati 0.1 tu. Ukiihofia bado, isogeze mbali na kitanda, au izime ukienda kulala.

Nyaya za msongo mkubwa zinapita karibu na nyumba. Foili kwenye dari itasaidia? – Baba Watatu

Haitasaidia. Umeme wa nyaya hizo, wa herzi 50 au 60, hutoa uga wa umeme na uga wa sumaku, yaani nguvu zinazoenea kuzunguka waya. Ule wa umeme kuta na paa huupunguza sana bila wewe kugusa kitu. Wa sumaku hupenya matofali, na foili isiyofika unene wa milimita 0.02 haiuzuii hata kidogo. Kuuzuia kunahitaji mabamba ya aloi maalumu za nikeli na chuma, ambayo hutumika zaidi maabara. Ukitaka kupunguza, hamisha kitanda kiende upande wa nyumba ulio mbali na nyaya.

Kwani mionzi hii inaleta saratani au haileti? – Mwanafunzi

Haina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, tofauti na eksirei. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi 2B, yaani "huenda" yakaleta saratani, kwa sababu ushahidi ulikuwa haba. Humo humo kuna dondoo la jani zima la mshubiri.

Nimeuziwa kidani kinachokinga mawimbi ya 5G. Mume wangu anacheka. – Nimechanganyikiwa

Mwache acheke, ila kidani chenyewe si cha kuchekea. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa za aina hiyo ikakuta kumi zinatoa mionzi ya kweli, ile inayong'oa elektroni. Miongoni mwake kulikuwa na bangili ya watoto na barakoa ya kulalia. Kuvaa bidhaa kama hizo mchana na usiku mwaka mzima kunaweza kudhuru ngozi. Kama chako kimeandikwa "ayoni hasi" (kwa Kiingereza negative ions, chembe zenye chaji ya umeme), kivue leo, kifungie ndani ya kopo, na usimpe mtoto achezee.