Majabali ya Moher: Usiende kwa Saa Mbili, Nenda Ukalale

Watu wanaoniuliza kuhusu Cliffs of Moher, yale majabali marefu ya pwani ya magharibi ya Ireland, karibu wote huanza na swali moja: mwezi gani hakuna mvua? Jibu ni kwamba mwezi huo haupo. Pwani ile imeikabili Bahari ya Atlantiki uso kwa uso, ukiacha Visiwa vya Aran vilivyo karibu hakuna nchi kavu mbele yake mpaka ufike Amerika, na mvua nyingi zinazovuka bahari hiyo huanza kumwagika hapo. Ndiyo maana sihangaiki sana na mwezi. Ninachosisitiza ni mahali pa kulala. Lala karibu na majabali, usiku mmoja kwa uchache, na mbili ni bora zaidi.

Mazoea ya wageni ni tofauti. Wengi hufikia Dublin, wakakata tiketi ya basi la watalii linaloondoka asubuhi na mapema, wakasafiri zaidi ya saa tatu kuvuka nchi kutoka mashariki hadi magharibi, wakapewa saa moja na nusu au mbili za kutembea, kisha wakarudishwa. Ukungu ukiwa umeshuka katika muda huo, basi tena. Nimewaona watu wakishuka kwenye basi, wakafika ukingoni, wakasikia mawimbi yakipiga chini bila kuiona bahari, wakasimama pale wakisubiri kwa adabu, na dereva akawaita. Roho huniuma, kwa sababu wamepoteza siku nzima na yuro zao, na mara nyingi anga hufunguka jioni hiyo hiyo wakiwa njiani kurudi.

Vijiji vya kulala vipo: Doolin kaskazini mwa majabali, Liscannor na Lahinch upande wa kusini. Huhitaji gari. Basi namba 350 linatoka Galway, linapita Doolin na majabali yenyewe, linaendelea hadi Ennis. Ila safari zake kwa siku si nyingi, kwa hiyo soma ratiba ya kurudi kabla hujapanda.

Ukishalala karibu, kazi inayobaki ni kuisoma hali ya hewa, na hilo linawezekana kabisa. Watu husema hali ya hewa ya kule haitabiriki. Kweli hubadilika haraka, lakini mara nyingi ina utaratibu wake. Kwanza huja upepo wa kusini magharibi wenye unyevu mwingi. Mawingu yanashuka, mvua nyembamba inanyesha bila kukatika, na kilele cha majabali kinamezwa. Saa hizo hakuna ujanja, kunywa chai. Halafu hupita mvua kubwa ya muda mfupi, na mara upepo unageuka, unaanza kuvuma kutoka magharibi au kaskazini magharibi, mgandamizo wa hewa unapanda, na hewa inayofuata ni baridi na safi mno. Saa zinazokuja baada ya hapo ndizo ninazozisubiri mimi. Bado kutakuwa na manyunyu ya hapa na pale, lakini katikati yake jua linawaka, bahari inageuka rangi kila dakika chache, na Visiwa vya Aran vinaonekana kana kwamba vimesogezwa karibu.

Kwa hiyo ukifungua utabiri wa Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland, usitafute alama ya jua. Tafuta saa ambayo mshale wa upepo unageuka. Wana pia rada ya mvua inayoonyesha wapi inanyesha sasa hivi na inaelekea wapi. Ukiitazama dakika kumi kabla ya kutoka utajua kama wingu lililo mbele yako ni la mwisho au nyuma yake kuna msururu.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni pale Doolin alinifundisha kipimo kingine. Nilikuwa mezani asubuhi, nimeinamia simu, dirisha limelowa. Akaweka birika, akanionyesha nje kwa kidole. "Hiyo simu iache. Tazama Inis Oírr." Ndicho kisiwa cha Aran kilicho karibu zaidi, kilomita nane hivi kutoka gati la Doolin. Akaniambia nisitoke mpaka nikione chote, kuanzia ncha hadi ncha, na nikikiona nisikae kumaliza chai. Mchana kilikuwa hakipo kabisa. Kwenye saa kumi na moja jioni ikatokea kamba nyembamba ya kijivu, kisha ufuo, kisha nyumba. Niliondoka mbio. Kwa kuwa majabali yanatazama magharibi, jua la jioni hupiga usoni mwake moja kwa moja, na zile tabaka za mawe zinazoonekana nyeusi asubuhi hutoka moja moja, kahawia, kijivu, nyingine karibu na rangi ya dhahabu. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo una jioni ndefu, na mabasi ya Dublin yameshaondoka. Desemba ni kinyume chake: kabla ya saa kumi na moja jioni giza linaanza kuingia, hivyo usiahirishe kutoka.

Sasa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Watu hujiandaa kwa mvua na kusahau upepo. Mvua itakulowesha tu. Upepo unaweza kukuua.

Majabali yale yana urefu wa mita 120 pale Hag's Head, ncha ya kusini, na hupanda hadi mita 214 karibu na Mnara wa O'Brien, ule uliojengwa na Cornelius O'Brien mwaka 1835. Upepo wa baharini ukigonga ukuta wa namna hiyo hauna pa kupita ila juu. Siku za upepo mkali utaona vijito vinavyofika ukingoni vikishindwa kuanguka: maji yanarushwa juu, yanarudi nyuma, yanamwagikia njia. Unaweza kulowa chapa wakati mvua haijanyesha hata tone. Hewa iliyopanda hivyo ikivuka ukingo huanza kuzunguka ovyo. Hapa unasimama kwenye utulivu, ukienda hatua tatu unapigwa ubavuni.

Na upepo wa vishindo una hila nyingine. Ukivuma kwa nguvu dakika nzima, mwili wako huuegemea bila wewe kujua. Ukikatika ghafla, mwili unaendelea kule ulikokuwa unasukuma. Kama ulikuwa unaegemea upande wa bahari, unakwenda upande wa bahari. Upepo wa mashariki nao haufanani na dhoruba, mara nyingi huja na siku kavu yenye anga nzuri, lakini huo unakusukuma moja kwa moja kuelekea ukingo. Jua upepo unatoka wapi kabla hujaanza kutembea.

Kanuni yangu mwenyewe ni hii: utabiri ukisema vishindo vinafika kilomita 60 kwa saa, sitoki nje ya eneo la wageni lenye kuta za mawe ukingoni. Na nikijikuta natanua miguu ili nisimame wima, nageuka hapo hapo, hata kama nimebakiza kidogo kufika. Met Éireann hutoa tahadhari za rangi tatu, njano, chungwa na nyekundu. Usingoje nyekundu. Kwa mtu anayetembea ukingoni, njano ya upepo inatosha kabisa kubadili mpango wa siku.

Kuna na suala la ardhi yenyewe. Majabali haya ni tabaka za mawe magumu ya mchanga zilizopishana na tabaka laini za matope yaliyogandamana, mabaki ya mto mkubwa uliomwaga mashapo yake baharini zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Mawimbi na mvua hula tabaka laini kwanza. Lile gumu linabaki limejitokeza, chini yake hakuna kitu, na juu yake majani mabichi yameota vizuri. Ukiwa umesimama juu huwezi kujua. Unachokiona ni uwanja wa majani unaoishia baharini. Ukitaka kuamini, simama kwenye majukwaa ya kutazamia, ndani ya ukuta, uangalie ukingo wa upande wa pili wa ghuba: utaona midomo ya udongo imening'inia hewani, mingine na nyayo za watu juu yake. Mimi nikiona nyayo zile moyo unanidunda. Tafadhali, usiruke ukuta kwa ajili ya picha. Na hasa usipige picha ya kujipiga ukiwa umeipa bahari mgongo, kwa sababu hapo huoni ardhi unayoikanyaga wala hujui upepo unaokuja.

Watu wamekufa pale. Mwaka 2024, baada ya vifo, sehemu kubwa za njia ya miguu kati ya Doolin na Liscannor zilifungwa kwa ajili ya usalama. Njia hiyo ilipendwa mno, na bado utakuta maelezo ya zamani mtandaoni yanayoisifu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Usiyafuate. Tazama tangazo la karibuni kuhusu sehemu zilizo wazi, na ukikuta uzio, hiyo ndiyo taarifa ya karibuni kuliko zote. Ikitokea dharura, piga 112 au 999 uombe walinzi wa pwani. Usijaribu kushuka kumfuata aliyeanguka.

Siku ya ukungu usiokubali kuondoka, shuka. Wingu likiwa limekaa mita 150 juu ya bahari, Mnara wa O'Brien umo ndani yake, lakini Hag's Head na mita zake 120 unaweza kuwa chini yake. Meli ndogo za kutoka Doolin hupita chini ya majabali, na kutoka majini unaweza kuona ukuta karibu wote hata kilele kikiwa kimefunikwa. Kwa macho yangu huo ndio upande unaoonyesha ukubwa wake, kwa sababu shingo yako ndiyo inayopima. Meli hizo hutegemea mawimbi, na mawimbi hayategemei anga unayoiona. Dhoruba iliyo mbali katikati ya Atlantiki inaweza kutuma mawimbi makubwa kwenye siku yenye jua na upepo mdogo, safari zikafutwa. Piga simu asubuhi uulize.

Hata ukibaki juu kwenye ukungu kuna cha kutazama. Zile kuta za mawe bapa kando ya njia, zisogelee. Utaona michoro ya mistari inayojipindapinda, mingine mipana kama kidole. Ni njia za viumbe vidogo waliotambaa kwenye matope chini ya maji enzi za ule mto, kabla hayajawa jiwe. Yakiwa yamelowa huonekana vizuri zaidi kuliko yakiwa makavu, na unaweza kufuatisha mstari mmoja kwa kidole kutoka pembe hadi pembe. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Julai, wingu likipanda kidogo, beba darubini: pafini, ndege wadogo weusi na weupe wenye midomo ya rangi kali, huwa wamekuja kutaga mayai. Ukienda Agosti utakuta wamesharudi baharini.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Acha mwavuli, upepo utauvunja dakika ya kwanza. Koti lisilopitisha maji lenye kofia ya kufunga kwa kamba, na suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nguo. Jinzi ikilowa haikauki siku hiyo, na joto la Julai pale pwani kwa kawaida halifiki hata nyuzi 20, kwa hiyo mtu aliyelowa kwenye upepo huanza kutetemeka upesi. Viatu vyenye soli ya kushika, maana majani yaliyolowa huteleza kuliko jiwe. Weka kitambaa kikavu ndani kabisa ya mfuko. Lenzi ya simu hujaa chumvi, na kioo chenye maji hakisikii kidole.

Tiketi ya kuingilia inunue mtandaoni, na chagua saa nje ya msongamano wa kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Bei hubadilika kufuatana na saa, na jioni huwa nafuu. Ninachofanya ni kusubiri kuinunua siku hiyo hiyo nikishaona upepo umegeuka, isipokuwa wikiendi za Julai na Agosti.

Na ikiwa siku zako zote zimegoma, usikae ukilinda dirisha. Ingia bara kidogo ufike Burren, ile nchi ya mawe ya chokaa iliyo jirani kabisa. Mvua ndiyo iliyoichonga nyufa zake, na maua ya porini hujificha ndani yake upepo usikoweza kuyafikia. Pale Poulnabrone kuna kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000, jiwe bapa kubwa limelazwa juu ya mengine yaliyosimama, na unaweza kulizunguka kwa mvua bila kuhofia ukingo wowote. Jioni rudi Doolin usikilize muziki, na kabla ya kulala angalia tena mshale wa upepo wa kesho asubuhi.