Jibu: Kwa nini dhahabu ni elementi lakini urea siyo?

Mdogo wangu wa kidato cha pili, umeuliza kwa nini dhahabu ni elementi, yaani dutu yenye atomi za aina moja tu, ilhali urea siyo. Swali zuri sana. Chukua punje ya dhahabu ya Chunya, igawe hadi ibaki atomi moja: bado ni dhahabu, yenye protoni 79 (chembe zenye chaji chanya katikati ya atomi). Namba hiyo ndiyo inayoipa nafasi yake kwenye jedwali lenye elementi 118.

Sasa ingia stoo usome mfuko wa urea mnayokuzia mahindi huko Mbozi. Ile 46 iliyoandikwa pale ni asilimia ya naitrojeni kwa uzito. Inayobaki ni kaboni, oksijeni na haidrojeni, zote zimeungana kikemikali. Hiyo ni kampaundi, na huvunjika: udongoni bakteria huigeuza kuwa amonia. Alama za elementi usikariri zote kwa mpigo, anza na 20 za mwanzo.