Mstari kwenye PPF: pitisha ukucha kwanza

Mkuu, umeuliza kama mstari ulioachwa na zipu ya begi kwenye boneti utajifuta wenyewe, maana fundi alikuambia PPF, ile nailoni angavu inayobandikwa juu ya rangi ya gari kuilinda, inajiponya. Nina mwaka wa nne nayo kwenye Harrier nyeusi hapa Dar, acha nikupe niliyoyaona.

Pitisha ukucha juu ya mstari. Ukiteleza bila kukwama, mwagia maji ya moto taratibu, hata yasiyochemka. Mara ya kwanza nilichukua chupa ya chai ya mke wangu (nilisemwa). Ile mikwaruzo ya kitambaa kichafu, inayofanana na utando wa buibui ukimulika tochi ya simu, ilififia nikiwa bado nimeshika chupa. Jua la saa saba mchana linafanya kazi hiyohiyo, ila polepole.

Siri yenyewe ni ndogo. PPF ni nailoni ya poliurethani, unene wake kwa kawaida mikroni 150 hadi 200 (milimita 0.15 hadi 0.2), na juu yake kuna tabaka jembamba linalonyumbuka kama mpira. Ukilikwaruza kidogo halikatiki, linabonyea tu. Likipata joto linalegea na kurudi lilivyokuwa. Hakuna dawa inayotoka ndani kuziba kidonda, kwa hiyo palipokatika hapaungi.

Hilo nilifundishwa na bajaji. Chuma chake cha nyuma kilinichana fenda kwenye foleni ya Mwenge. Nilimwaga birika tatu nzima. Kingo za mchano zikalainika kidogo, mchano wenyewe ukabaki. Lakini fundi alipobandua kipande kile, rangi chini ilikuwa safi kabisa. Tukabadilisha nailoni ya fenda hiyo tu. Kokoto za Fuso barabara ya Morogoro nazo zimeniachia vidoa kama vya sindano, na hivyo sitegemei vitoke.

Kinyesi cha ndege usikichanganye na mikwaruzo. Kikikaukia juani kinaweza kuacha doa, na joto huenda lisiliondoe. Kifute mapema. Na vijana wa kuosha magari wasielekeze mashine ya presha kwenye kingo, inanyanyua nailoni.

Jingine hukuuliza, ila liliniuma kuliko bajaji. Gari zetu nyingi ni za mkononi, na huwezi kujua paneli gani ilishapigwa rangi upya. Nilipobandua nailoni ya bampa la mbele, rangi ilitoka nayo, kipande kama kiganja. Rangi ya kiwandani kwa kawaida inashika vizuri. Ya kupuliziwa gereji inategemea aliyeandaa chini. Ya kwako ikibidi kubanduliwa, mwambie fundi aipashe moto kwanza na avute kwa kulaza, asinyanyue wima.

Ukucha ukikwama, usihangaike na maji, uliza bei ya paneli moja. Tupia picha hapa, ila piga mwanga ukitokea ubavuni, ukipiga kwa juu hatutaona kitu.