Nani kakupa ruhusa ya kumwita mwenzako mshirikina?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Newala. Niliwapa wanafunzi insha kuhusu dini za dunia. Mmoja aliandika "dini ya Kibudha". Mwenzake akamkosoa: Ubudha hauna Mungu, kwa hiyo si dini, ni "imani" tu. Wa tatu akaandika kwamba Wahindu, pamoja na Wamakonde wa zamani, ni watu wa "imani za kishirikina". Nimsahihishe nani?

JIBU: Wa kwanza yuko sawa, mwache. Dini tumeipata kwa Waarabu, na kwao neno hilo lina pia maana ya hukumu na malipo. Kila aliyepita madrasa anaijua "maliki yaumiddini". Katika Kiswahili cha leo dini ni mfumo mzima: mafundisho, ibada, miiko, watawa, sikukuu, namna ya kuzika. Ubudha unavyo vyote. Ni kweli haukusimama juu ya Mungu muumba, na Wajaini wa India nao vilevile, lakini hilo haliwatoi kwenye orodha. Imani ni kile mtu anachokisadiki. Imo ndani ya dini na imo nje yake. Mgonjwa naye ana imani na daktari wake. Wa pili, basi, kafikiri, ila kakosea.

Tuje kwa wa tatu, maana huyo ndiye aliyeniharibia chai.

Simlaumu mtoto. "Imani za kishirikina" hakuitunga yeye, kaisikia redioni tangu hajaota meno. Imekuwa kauli moja isiyoachana, mpaka ukiandika "imani" vidole vyenyewe vinamalizia. Wachache wanajiuliza neno limetoka wapi. Kwa Kiarabu shirki ni kumwekea Mungu mshirika, na mushrikina ni watu watendao hivyo. Katika Uislamu hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Neno hili, kwa hiyo, ni shtaka. Anayelitamka amesimama ndani ya dini yake na kumhukumu aliye nje. Shekhe akilitamka juu ya mimbari pale Mikindani, yuko kazini kwake. Mwandishi wa habari, msemaji wa polisi na mwanafunzi wa kidato cha tatu wanalitamka kwa mamlaka ya nani?

Na shina hilohilo limezaa watoto wengine wenye heshima zao. Huku kwetu msimu wa korosho hauendi bila ushirika: mzigo unapokelewa na chama cha msingi cha ushirika, unaingia ghalani, chama kikuu cha ushirika kinaita mnada. Mlutheri ana usharika wake, naye ni msharika. Mkatoliki wa Ndanda hushiriki Ekaristi. Mtu mmoja wa Masasi anaweza kuwa mwanaushirika asubuhi, mshiriki wa semina mchana, na mshirika wa biashara jioni, na watu wakampigia makofi kote huko. Kwenye huyo mshiriki ongeza silabi moja tu, "na", wanaanza kuokota mawe.

Sasa tumtazame Mhindu, Baniani wa wazee wetu, ambaye mbaya ni yeye na kiatu chake ni dawa. Katika Upanishadi iitwayo Brihadaranyaka, moja ya maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni mingapi. Anajibu: 3,306. Anaulizwa tena, anasema 33. Tena: sita. Kisha watatu, kisha wawili, kisha mmoja na nusu (huyu wa nusu nampenda sana), na mwisho kabisa: mmoja. Maneno hayo yalisemwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Hijra. Mtu huyo ni mshirikina? Mwanatheolojia ana jibu lake, na alitoe msikitini au kanisani. Insha ya shule kazi yake ni kueleza Wahindu wanaamini nini na wanafanya nini. Kwa Mbudha neno lenyewe halina pa kukaa: utamwekeaje mshirika Mungu ambaye mafundisho yako hayamjengi yeye kuwa msingi? Na Mkristo anayelirusha neno hili kwa jirani akumbuke kwamba Waislamu na Wakristo wamebishana juu ya Utatu kwa karne na karne, na neno lililokuwa likirushwa upande wake lilikuwa hilihili.

Hao Wamakonde wa zamani nao walimwita Mungu Nnungu. Wayao walimwita Mulungu, Wamakua Muluku. Mizimu ya mababu iliombwa na kupelekewa unga chini ya mti, lakini Nnungu alibaki Nnungu. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyekuwa Mwanglikana tena Mwingereza, aliliangalia jando akaona lina kitu cha kuhifadhiwa, akalitengenezea njia ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Mgeni aliona hilo miaka ya 1920. Sisi wenyeji tuna redio, tuna simu, bado tunasema "kishirikina".

Lakini kinachonikera zaidi ya vyote ni kichwa hiki cha habari: "Kikongwe auawa kwa imani za kishirikina." Nimekisoma hadi kimenitoa machozi ya sarufi. Hebu tukikokote polepole. Ukisema mtu kauawa kwa panga, panga ni chombo. Kwa risasi, risasi ni chombo. Kwa imani, je? Iliinuliwa na mkono upi? Haya, tuseme "kwa" hapa ni ya sababu. Imani hiyo ni ya nani? Sentensi haisemi. Msomaji wa haraka, na wote siku hizi ni wa haraka, anaondoka akidhani mwenye imani ni bibi, na macho yake yaliyoiva kwa moshi wa kuni ndiyo ushahidi. Yaani marehemu kabebeshwa kosa la aliyemuua, na aliyembebesha ni kiunganishi cha herufi tatu! Muuaji mwenyewe, ambaye ana jina, ana mikono na pengine ana shamba analolitolea macho, hayumo kabisa kwenye kichwa cha habari. Kaua nani? Imani. Mkamateni basi imani.

Hata mkoloni, alipotunga sheria mwaka 1928, aliiita Sheria ya Uchawi, na jina hilo tunalo hadi leo. Kiswahili si fukara hapa. Tuna uchawi, ulozi, uganga, ramli, kago, hirizi, zindiko, tambiko, na kila kimoja ni kitu chake. Kubwaga vyote ndani ya "ushirikina" ni uvivu. Andika: "Kikongwe auawa kwa kutuhumiwa uchawi." Bibi katuhumiwa, hakuthibitishwa lolote, na mhariri kaokoa neno zima.

Mwaka 1905 kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji na kuwaambia risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Vita vya Majimaji vikawaka Umatumbi, na Agosti ya mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga. Vitabu vya shule vinamwita shujaa, na sina ugomvi navyo. Ila mtu afanye leo vilevile, ajaze maji chupani awagawie wanakijiji, uone: "Mganga anaswa na vifaa vya kishirikina", na picha ya vibuyu vitatu mezani kituoni. Vifaa vya kishirikina ni vipi? Kibuyu kimemshirikisha nani na nani?

Kwa hiyo, Mwalimu, huyo wa tatu mwambie aandike "dini ya Kihindu" na "dini ya jadi ya Wamakonde", aeleze matambiko kwa majina yake, na hukumu awaachie wenye mimbari. Akikuuliza mbona magazeti yanaandika, mwambie magazeti huandika pia "wapagani", na hilo nalihifadhi kwa siku nyingine nikiwa na nguvu.

Kwenye mpira tu ndiko nimesalimu amri. Timu ikiruka ukuta wa uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara kwa kuliogopa lango la kuingilia, na mtangazaji akaita ushirikina, nanyamaza. Neno limeshazoeleka huko na hakuna bibi anayeuawa. Wakifungwa tatu bila, hata hivyo, ningependa anieleze huyo mshirika wao alikuwa anachezea upande gani.