Kabla ya Kuiwasha Upya Swichi, Hakiki Faili Lililomo Ndani Yake

Swichi ya mtandao wa taasisi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine kwa kebo, ni kompyuta kamili: ina kichakataji, ina RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na ina kumbukumbu ya kudumu ya flashi ambamo programu dhibiti huhifadhiwa. Inapowashwa, kianzishi, yaani programu ndogo inayoamka kwanza, hulitafuta faili la programu hiyo kwenye flashi, hulifungua na kulipakia kwenye RAM, ndipo swichi ianze kazi. Kwa swichi nyingi za muundo wa faili moja, faili hilo halihitajiki tena hadi zitakapowashwa upya. Ndiyo maana unaweza kulifuta na swichi ikaendelea kupitisha data bila dalili yoyote, kosa lako likaja kujulikana miezi kadhaa baadaye, siku umeme utakapokatika.

Mimi yalinifika mapema zaidi. Flashi ya swichi niliyokuwa nikiisasisha haikuweza kubeba matoleo mawili, kwa hiyo nikalifuta la zamani, nikanakili jipya kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili mtandaoni, nikaona ujumbe kwamba kazi imekamilika, nikaiagiza swichi ijiwashe upya. Haikurudi. Nilipochomeka kebo ya konsoli, inayounganisha kompyuta na swichi moja kwa moja, nilikuta kianzishi kimesimama kikisubiri amri, kwa sababu faili nililonakili lilikuwa na kasoro na halikuwepo jingine la kukimbilia. Njia iliyobaki ilikuwa kupeleka faili kwa Xmodem, njia ya zamani ya kuhamisha faili, kupitia konsoli yenyewe. Kwa kasi ya kawaida ya konsoli, biti 9600 kwa sekunde, hupita takribani baiti 960 tu kila sekunde, hivyo faili la megabaiti 12 huchukua zaidi ya saa 3. Nilikwisha kusubiri muda mrefu ndipo nilipokumbuka kwamba kianzishi kile kiliruhusu kasi ipandishwe hadi 115200, ambayo huushusha muda huo hadi dakika 20 hivi. Wakati wote huo watu wa ghorofa nzima walikuwa hawana mtandao, na jambo hilo lilinisikitisha kuliko uchovu wangu.

Tangu siku hiyo siiwashi upya swichi yoyote kabla ya kuhakiki hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na faili na ambayo hubadilika faili likibadilika. Watengenezaji huchapisha hashi ya aina ya MD5 au SHA-512 pamoja na faili. Ukishanakili, iagize swichi yenyewe ikokotoe hashi ya faili lililo ndani ya flashi, wala usiridhike na ile uliyoipata kwenye kompyuta yako, kwa kuwa faili linaweza kuharibika njiani. Kwenye IOS, programu dhibiti ya swichi za Cisco, kwa mfano, amri yake ni verify /md5. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, futa na unakili upya: swichi bado inaendeshwa kutoka RAM, kwa hiyo hujachelewa. Pia ningeshauri TFTP iachwe kila inapowezekana. Haina usimbaji fiche wa kuilinda data njiani, na kwa kuwa huhesabu vipande vya baiti 512 kwa namba ya biti 16, seva zake za zamani hukwama faili likifika megabaiti 32 hivi. SCP, njia nyingine ya kunakili faili, haina matatizo hayo.

Maelezo ya toleo yasomwe yote, hata yakichosha. Humo ndimo utakapojua kama kianzishi nacho kinahitaji kusasishwa, na kama huna budi kupitia toleo la kati kwanza. Swichi zilizounganishwa kuwa rundo moja zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kwa kawaida zote hupaswa kuwa na toleo lilelile. Hakikisha kila moja imelipata, si ile kiongozi peke yake. Kumbuka vilevile kwamba swichi inayojiwasha upya huzima simu, kamera na vituo vya Wi-Fi vinavyopata umeme kupitia kebo zake, na vifaa hivyo huhitaji dakika zake vyenyewe kuamka.

Wapo wanaosema kwamba swichi inayofanya kazi isiguswe. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Oktoba 2023 Cisco ilitangaza udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa kama CVE-2023-20198 katika kiolesura cha wavuti cha programu dhibiti yake ya IOS XE, uliopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, na wavamizi walikuwa tayari wanautumia. Ushauri wa kwanza ulikuwa kuzima seva ya HTTP kwenye vifaa vinavyofikika kutoka intaneti, kwa sababu marekebisho yalikuwa bado hayajatoka. Aliyezoea kusasisha kwa utaratibu alijua ana vifaa gani na vina matoleo gani. Ambaye hakuwahi kuzigusa swichi zake alilazimika kuanza kuzihesabu kwanza.

Kabla ya kazi mimi huhifadhi nje ya swichi nakala ya usanidi, yaani mipangilio yake, orodha ya majirani zake na jedwali la anwani za MAC, yaani vitambulisho vya vifaa vilivyounganishwa, kisha baada ya kazi nikalinganisha, kwani poti moja isiyoamka haionekani kwa kutazama taa peke yake. Flashi ikiwa na nafasi, faili la zamani hulibakiza kwa wiki 2 au zaidi. Usanidi wa zamani nao huutunza, kwa sababu ule uliohifadhiwa chini ya toleo jipya unaweza kuwa na mistari ambayo toleo la zamani halitaielewa siku nitakapolazimika kurudi nyuma.