Jibu: Nafunga Kwaresima lakini moyo mkavu

Tumsifu Yesu Kristo mpendwa. Umesema uko wiki ya tatu ya Kwaresima, mfungo wetu wa kabla ya Pasaka, nyama umeacha, ibada ya Njia ya Msalaba kila Ijumaa unaenda, ila unajiuliza kama unaamini kweli au ni mazoea tu ya nyumbani. Mi nilikwama hapohapo mwaka juzi.

Kwanza angalia hela ya mboga uliyookoa inaenda wapi. Yangu ilikuwa inaishia kwenye bando la simu, yaani nafunga halafu najilipa mwenyewe, wakati Mathayo 6 inataja sadaka, sala na kufunga kwa pamoja. Nikaanza kumpelekea mama mmoja jirani unga, na huko ndo nikajikuta nasali bila kujilazimisha maana sasa nilikuwa na mtu wa kumwombea.

Usiku zima simu dakika 10, jiulize leo nimemuumiza nani na sijamwomba msamaha, hilo ndo upeleke kwenye kitubio, yaani unapoungama dhambi kwa padre, sio orodha ileile ya tangu kipaimara, ile sakramenti ya kuimarishwa imani.

Ukavu ukibaki, siwezi kukusemea moyo wako. Mtafute padre siku isiyo na foleni umwambie wazi, "padre, sina uhakika kama naamini". Mi nilimwambia hivyohivyo, hakushtuka, akavuta kiti tukakaa.