Maswali na majibu ya lugha: kupanga, kukodi, kuchana, kurarua

Barua za safari hii zimeegemea pande mbili, nyumba na nguo. Nimezijibu pamoja kwa sababu pande zote mbili zinahitaji kitu kimoja: kitenzi kinachosema wazi nani amefanya nini.

Shikamoo mwalimu. Nina nyumba Kisauni, nimetundika kibao "Nyumba ya kukodi". Jirani ashikilia kuwa ni kosa, niandike "Nyumba ya kukodisha". Nani ana haki?

Marahaba. Nyote wawili mna haki. "Ya kukodi" yamwelekea anayetafuta, "ya kukodisha" yatoka kwa mwenye mali, na mpita njia ataelewa vyovyote. Kosa lipo kwingine, tena kubwa: mpangaji kusema "nimekodisha nyumba Kisauni" hali amehamia tu na mizigo yake. Mwenye kutoa ndiye hukodisha, na mwenye kuchukua hukodi, kama vile mmoja hukopesha na mwingine hukopa. Kwenye mazungumzo kosa hili hupita bila madhara. Kwenye mkataba halifai kupita. Karatasi inayosema "mimi mpangaji nakodisha chumba hiki" imemfanya mpangaji kuwa mwenye chumba, na siku ya mzozo kila upande utaisoma unavyotaka. Kabla ya kutia sahihi, tazama kitenzi kwanza, kiasi cha pesa baadaye.

Kupanga nako ni kwa mahali pa kukaa au pa kufanyia biashara: chumba, nyumba, duka. Kukodi kwaenea kote, nyumba hadi baiskeli, mashua, tenti na viti vya arusi. Ndiyo maana twasema "nimepanga Majengo" na kila mtu akaelewa, lakini hakuna aliyewahi kupanga tuktuk. Tuktuk hupandwa ukilipa nafasi yako, na hukodiwa ukiitaka peke yako.

Mwalimu, marehemu babu alijenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu, na mpaka leo twalipia kiwanja. Nasi tuna wapangaji wanne ndani. Sasa sisi ni wapangaji au wenye nyumba?

Mu wenye nyumba, na kwa mwenye kiwanja mu wapangaji wa ardhi. Swali lako ni la Mombasa hasa. Mitaa mingi ya mji huu imekua hivi: mtu amiliki kuta, paa na milango, na udongo ulio chini yake ni wa mwingine. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kubeba watu wa aina tatu, mwenye ardhi, mwenye nyumba na mpangaji, na pesa kupanda kutoka kwa wa tatu hadi kwa wa kwanza. Neno "landilodi", ambalo vijana wamelizoea, halitoshi hapa. Lamweka mwenye ardhi na mwenye nyumba kapu moja, na kwenu ni watu wawili ambao pengine hata hawajapata kuonana.

Nashauri mtenganishe maneno hata kwenye risiti. Mnachotoa ni kodi ya ardhi, mnachopokea ni kodi ya nyumba. "Kodi" peke yake ina maana nyingi, kwani hata serikali hutoza kodi, ingawa wengi wetu Kenya husema ushuru. Tanzania wana neno pango kwa malipo ya nyumba, nalo ni zuri. Sioni kwa nini tusilitumie huku.

Na usidhani jambo hili ni la familia zenu tu. Mwambao wote umewahi kukaa katika hali inayofanana na hiyo. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alikubali Uingereza iusimamie ukanda wa pwani wa maili 10, Mombasa ikiwemo, kwa malipo ya kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Fort Jesus mpaka 1963, ukanda ulipoingizwa Kenya. Weka vitenzi mahali pake hapo pia: Sultani alikodisha, Mwingereza alikodi. Wenyeji waliokaa juu ya ardhi hiyo hawakuwa katika kitenzi chochote, na hilo bado lauma hadi leo.

Mimi ni fundi cherehani Mji wa Kale. Wateja huniletea nguo wakisema "imeraruka", nikiifungua nakuta ni mshono tu. Nitawafundishaje?

Fundi, umegusa penyewe. Mshono ukiachia, nguo *imefumuka*: nyuzi zimetoka, kitambaa ni kizima, nawe utairudia. Kitambaa chenyewe kikiachana, *kimetatuka* au *kimechanika*, na hapo wahitaji kiraka. *Kuraruka* ni zaidi, ni nguo iliyovutwa kwa nguvu ikatoka vipande, ndiyo twapata mararu, yaani matambara. Simba humrarua swala. Mlango ukiunasa mfuko wa kanzu, huutatua tu.

Kuchana kuna utaratibu kuliko kurarua, kwa kuwa mkono hufuata njia. Mama huchana miyaa, yaani majani ya kusukia mikeka, kabla ya kusuka ukili. Muuza vitambaa hutia mkasi kidogo ukingoni mwa bafta kisha huichana kwa mikono, na bafta huenda sawasawa kwa kuwa hufuata uzi wake. Nywele nazo huchanwa bila chochote kukatika, na huku kwetu, ambako *ch* ya wenzetu mara nyingi huwa *t*, kifaa chake ni kitana.

Kupasua ni kwa kitu chenye mwili: kuni, mbao, jipu, hata mgonjwa mezani kwa daktari mpasuaji. Tawi lililovunjwa kwa kuvutwa limekwanyuliwa, nyama iliyokatwa kwa vidole imenyofolewa, mkate umemegwa. Ukuta nao hutia ufa. Wafundishe kwa kuwauliza swali moja tu: "Uzi ndio umetoka, au kitambaa?"

Mimi ni mwanafunzi Changamwe. Kamusi ya Kiingereza yasema *rent* ni kodi, pia ni mahali palipochanika. Kodi na tundu vina uhusiano gani?

Havina. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sura. La kodi Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini cha kurudisha kitu kwa mtu. La kuchanika ni la kwao tangu zamani. Sisi nasi tuna tatua ya nguo na tatua ya matatizo: ya kwanza huharibu, ya pili hufungua kilichotatana. Kwenye mtihani andika sentensi nzima, maana itaonekana.

Dada yangu alinipa gauni lake nilivae siku moja ya arusi. Nimelikodi?

La, umeliazima, kwa kuwa hukulipa. Wahenga walionya kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini kwa ndugu sioni ubaya. Ungelipa dukani ungekuwa umelikodi. Ungeliacha kwa mtu kama dhamana ya deni ungekuwa umeliweka rehani. Na likitatuka, usimwambie dada limefumuka.